Nguo Nyingi wa Kilwa: Mtawala aliyetafutiwa karne yake kwa miaka mia moja

KATIKA soko la Gikomba, jijini Nairobi, nguo ndiyo kipimo cha mambo yote. Marobota ya mitumba hushushwa alfajiri, hufunguliwa mbele ya macho ya wanunuzi, na kabla ya jua kupanda hujulikana nani amepata na nani amekula hasara. Wafanyabiashara wa hapo wangemwelewa upesi mtu ambaye, kwa masimulizi ya pwani, alikinunua kisiwa kizima kwa vitambaa na kubaki na jina la utani la Nguo Nyingi.

Mtu huyo ni Ali, ambaye tarikh ya Kilwa inamtaja kuwa sultani wa kwanza wa mji huo uliostawi katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania ya leo. Kila anayesoma habari za pwani hukutana naye katika kurasa za mwanzo. Hata hivyo, kwa muda wa karibu karne nzima, wataalamu walibishana kuhusu mambo mawili ambayo kwa kawaida huwa ya kwanza kujulikana kumhusu mfalme: jina la baba yake na wakati alioishi.

Ubishi huo haukuwa wa wazee wa maktaba pekee. Katika zama za ukoloni, waandishi wengi wa Ulaya walimtumia Ali kama ushahidi kwamba miji ya mawe ya pwani ililetwa tayari kutoka ng’ambo ya bahari, na kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu. Kumpa Ali karne ya tisa kulikuwa sawa na kusema kwamba pwani haikuwa na historia kabla yake. Kumpa karne ya kumi na mbili kulifungua mlango kwa historia nyingine kabisa. Ndiyo maana tarehe yake ilikuwa na uzito kuliko tarehe za wafalme wengi.

Maisha yake yamehifadhiwa katika maandishi mawili makuu, yote ya karne ya 16. La kwanza ni la Mreno João de Barros, ofisa wa biashara ya India mjini Lisbon, aliyechapisha sehemu ya kwanza ya historia yake ya Asia mwaka 1552. Wareno waliiteka Kilwa Julai 1505 chini ya Francisco de Almeida, na Barros akapata habari za tarikh ya wafalme wa mji huo.

La pili ni la Kiarabu, lililoandikwa na mtu wa Kilwa ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliyezaliwa mwishoni mwa karne ya 15. Nakala yake iliyofika mikononi mwa wasomi ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, ikafika London kupitia kwa John Kirk, balozi wa Uingereza katika enzi za Sultan Barghash. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895.

Kwa mujibu wa Barros, Ali alikuwa mmoja wa watoto saba wa mfalme wa Shiraz, huko Uajemi. Mama yake alikuwa mtumwa kutoka Uhabeshi, na ndugu zake, ambao mama yao alikuwa Mwajemi wa ukoo wa kifalme, walimdharau kwa sababu hiyo. Alipoona hapati nafasi nyumbani, aliwachukua mkewe, watoto wake na wafuasi wake, akapanda jahazi huko Hormuz na kuelekea pwani ambayo sifa ya dhahabu yake ilikuwa imevuma.

Alipita Mogadishu na Barawa. Huko aliwakuta Waarabu wa madhehebu tofauti na yake, naye hakutaka kuwa chini ya mtu mwingine. Akaendelea kusini hadi Kilwa, kisiwa kilichozungukwa na maji na chenye bandari tulivu, mahali ambapo mtu mwenye wafuasi wachache angeweza kujilinda.

Mwandishi wa Kiarabu ana hadithi yenye rangi zaidi. Kwake yeye, aliyeondoka Shiraz ni baba pamoja na wanawe sita katika majahazi saba, baada ya kuota panya mwenye pua ya chuma akitoboa kuta za mji. Aliitafsiri ndoto hiyo kuwa ni dalili ya kuangamia kwa nchi yao. Kila jahazi lilitia nanga mahali pake, likiwemo lililofika Mombasa, jingine Pemba, na jingine katika kisiwa cha Nzwani huko Komoro.

Waliofika Kilwa walimkuta Mwislamu mmoja, Muriri wa Bari, pamoja na watu wake na msikiti. Jambo hili lapaswa kukumbukwa, kwa kuwa wengi waliolisoma simulizi hilo baadaye walilipita haraka. Mwandishi aliyekusudia kuwatukuza wageni kutoka Shiraz alikiri mwenyewe kwamba Uislamu ulikuwa umeshatangulia kisiwani.

Muriri ndiye aliyewaunganisha wageni na mwenye kisiwa, mkuu asiyekuwa Mwislamu aliyekuwa akiwinda huko bara. Mkuu huyo alikubali kuuza kwa sharti moja: kisiwa kizungushiwe nguo za rangi pande zote. Nguo zikatandazwa, akazikusanya na kuvuka kwenda bara, huku akinuia kurudi na jeshi kuwaua wanunuzi na kuchukua mali yao.

Wakati huo, maji yalipokupwa mtu angeweza kuvuka kwa miguu. Muriri aliwaonya wageni, nao wakauchimba mkondo mpaka ukawa na kina. Yule mkuu aliporejea alingoja maji yapwe kama ilivyokuwa ada, lakini hayakupwa. Akageuka na kwenda zake, na Kilwa ikawa mikononi mwa wageni.

Masimulizi ya mdomo ya wenyeji wa Kilwa, yaliyochapishwa kwa Kiswahili na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907, yanasimulia biashara hiyohiyo ya nguo kwa namna nyingine. Hapa mwenye nchi anaitwa Mrimba, na mgeni anaitwa Ali bin Selimani. Ali anamwoa binti wa Mrimba, na mtoto wanayemzaa ndiye anayekwenda kwa babu yake bara na kukabidhiwa utawala. Katika masimulizi haya nguo ziliwapa wageni mahali pa kukaa, lakini haki ya kutawala ilipita kwa mama mwenyeji. Ni jambo ambalo maandishi mengine mawili hayalisemi, na pengine ndilo lenye mantiki kuliko yote.

Kwa hiyo yupo Ali mmoja mwenye baba zaidi ya mmoja. Masimulizi ya Velten yanamwita bin Selimani. Tarikh ya Kiarabu inamwita Ali bin al-Husayn, ingawa yule baba mwenye ndoto katika kitabu hichohicho ni al-Hasan. Barros naye aliliandika jina la baba kwa herufi za Kireno ambazo huweza kusomwa kwa namna zote mbili.

Ajuaye hati ya Kiarabu hatashangaa. Hasan na Husayn hutofautiana kwa herufi moja tu, yaa, ambayo katikati ya neno ni jino dogo na nukta mbili chini yake. Mnakili mwenye haraka aweza kuliongeza au kuliacha, na kitabu kilichopitia mikono kadhaa hakiwezi peke yake kuamua.

Tarehe zilikuwa na matatizo makubwa zaidi. Tarikh ya Kiarabu ilimweka Ali katikati ya karne ya tatu ya Hijria, yaani karne ya tisa Miladia. Barros aliuweka mwanzo wa Kilwa miaka sabini na kidogo baada ya Mogadishu na Barawa, baada ya mwaka 400 wa Hijria, yaani karne ya 11. Waandishi wawili waliokaribiana kwa wakati, walioyachota maji katika kisima kimoja, walitofautiana kwa zaidi ya miaka 100.

Ushahidi wa aina nyingine ulikuwa umelala ardhini. Katika Kilwa, Mafia na visiwa jirani, wenyeji na wachimbaji wameokota kwa maelfu sarafu ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu. Upande mmoja una jina la mtawala na la baba yake, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyopangwa ili yapatane kwa vina na yale ya upande wa kwanza. Hakuna mwaka wala jina la mji. Miongoni mwa sarafu hizo, zilizo nyingi zaidi ni zile zenye jina la Ali bin al-Hasan.

John Walker wa Makumbusho ya Uingereza alizichunguza sarafu za masultani wa Kilwa na kuchapisha matokeo mwaka 1936. Tangu hapo wataalamu wengi walimchukua Ali bin al-Hasan wa sarafu kuwa ndiye Ali wa tarikh. Swali la jina la baba likapata jibu, kwa kuwa sarafu hufuliwa mtawala akiwa hai, na hakuna mfalme anayekosea jina la baba yake katika fedha zake mwenyewe. Lakini swali la wakati likabaki palepale.

Mwanahistoria Mwingereza G. S. P. Freeman-Grenville, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu pwani ya Tanganyika, alijaribu kulitatua kwa hesabu. Alilinganisha orodha za wafalme na miaka ya tawala zao katika maandishi yote mawili, akafikia mwaka 957 kuwa ndio mwanzo wa utawala wa Ali. Mwaka huo ukaingia katika vitabu vya shule na vya watalii, na hadi leo bado huonekana humo kana kwamba kuna aliyeushuhudia.

Neville Chittick hakuridhika na hesabu za karatasi. Alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya Uingereza ya historia na akiolojia katika Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuwa na makao yake Nairobi. Katika miaka ya 1960 aliichimba Kilwa Kisiwani kwa misimu kadhaa, akiandika kila tabaka la udongo pamoja na vigae na sarafu zilizokuwemo.

Alichokikuta chini kabisa hakikuwa mji wa Kiajemi. Kilikuwa kijiji cha nyumba za miti na udongo, kilichoanza takriban mwaka 800, cha watu waliovua samaki, waliofua chuma na kufinyanga vyungu vyao wenyewe. Sarafu za Ali bin al-Hasan zilianza kuonekana juu zaidi, katika tabaka alizozikadiria kuwa za karibu mwaka 1200.

Mwaka 1965 Chittick alichapisha hoja yake: Washirazi wa Kilwa walifika mwishoni mwa karne ya 12, tena hawakutoka Uajemi moja kwa moja bali walishuka kutoka pwani ya Banadir, katika Somalia ya leo. Ali, aliyekuwa amezeeshwa kwa karne tatu na nusu na mwandishi wa Kiarabu, ghafla akawa kijana.

Kwa karibu miaka ishirini hoja hiyo ndiyo iliyotawala. Udhaifu wake ulikuwa katika tabia ya fedha yenyewe. Sarafu haifi na mfalme wake. Huendelea kupita mikononi mwa watu maadamu kuna anayeipokea. Tabaka lenye sarafu humjulisha mchimbaji kwamba udongo ule ulilala baada ya sarafu kufuliwa. Halimjulishi ilikuwa baada ya miaka mitano au mia moja.

Jibu lilitoka Pemba. Mtambwe Mkuu ni kisiwa kidogo karibu na Wete ambacho huungana na Pemba maji yanapokupwa. Mwaka 1984 ilipatikana hapo hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu. Mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake waliichunguza na kuchapisha taarifa yake miaka miwili baadaye. Chittick hakuisoma taarifa hiyo, kwa sababu alifariki mwaka uleule wa 1984.

Sarafu za fedha, kama zile za Kilwa, hazikuwa na mwaka. Lakini dinari za dhahabu zilikuwa za kigeni, nyingine zikiwa za makhalifa wa Kifatimi waliotawala Misri, na desturi ya Wafatimi ilikuwa kuandika mwaka katika kila dinari. Iliyokuwa ya karibuni zaidi ilikuwa ya mwaka 458 wa Hijria, sawa na 1066 Miladia. Na miongoni mwa zile za fedha lilikuwemo jina la Ali bin al-Hasan.

Hoja ya Chittick kuhusu mwaka 1200 ikaanguka, kwa kuwa hazina iliyofukiwa katika karne ya 11 haiwezi kuwa na fedha za mfalme wa karne ya 13. Wataalamu wengi leo humweka Ali katika nusu ya pili ya karne ya 11. Aliyekaribia ukweli zaidi katika karne ya 16 akawa Barros, Mreno aliyeandikia Lisbon, na wala si mwenyeji wa Kilwa aliyeandika kwa Kiarabu. Huenda mwandishi wa Kilwa alikuwa na sababu zake za kuurefusha ukoo wa masultani wake. Wanahistoria wa majumba ya kifalme kote ulimwenguni huwa nazo.

Hazina ya Mtambwe ilisema jambo la pili, ambalo halikutangazwa sana. Ilikuwa na majina ya watawala kadhaa ambao hawamo kabisa katika orodha za Kilwa. Aidha, katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, Horton alifukua sarafu ndogo za fedha zilizofuliwa pwani hiyohiyo mapema zaidi, na akakuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya miti inayorudi nyuma hadi karne ya nane. Ali hakuwa mtu wa kwanza kufua fedha pwani, wala hakuwa wa kwanza kuswali.

Akishawekwa katika karne yake, Ali anapata majirani. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Mtu aliyekuwa mtoto Kilwa chini ya Ali angeweza kuwa mzee wa kuyashuhudia maandishi hayo yakiwa mapya. Mtindo wa herufi zake umelinganishwa na ule wa Siraf, bandari ya Ghuba iliyouhudumia mji wa Shiraz. Shiraz yenyewe iko mbali na bahari, na aliyejiita Mshirazi pwani huenda alikuwa akitaja bandari hiyo, au sifa ya jina tu.

Suala la jina ndilo lililochukua nafasi ya suala la tarehe. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear walichapisha kitabu kuhusu chimbuko la Waswahili, wakieleza kwa ushahidi wa lugha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokua pwani pamoja na ndugu zake wa jamii ya Sabaki, na kwamba Ushirazi ulikuwa zaidi dai la heshima la koo za pwani kuliko kumbukumbu ya safari. Kwa mtazamo huo, Ali alikuwa mtu wa pwani aliyejivika vazi la Uajemi. Kwa miongo kadhaa, wasomi wengi waliona hilo linatosha.

Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 wa kale waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani, ikiwemo Manda, Mtwapa, Songo Mnara na Kilwa. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo alikuwa mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba. Ilibainika kwamba watu wa Afrika na wa Asia walianza kuchanganyika kufikia karibu mwaka 1000, na kwamba wazazi wa upande wa Asia walikuwa hasa wanaume wenye asili ya Uajemi, ilhali wanawake walikuwa hasa Waafrika.

Uchunguzi huo haumtaji Ali, wala haukukusudia kumtafuta. Lakini unakubaliana na mambo mawili yaliyokuwa yakipingana kwa muda mrefu. Wanaume kutoka Uajemi walifika kweli, katika kipindi kisichokuwa mbali na kile kilichotajwa na dinari za Mtambwe. Na walifika katika miji na vijiji vilivyokuwa na wenyewe, wakaoa humo, na watoto wao wakakua wakizungumza lugha ya mama zao. Mrimba na binti yake, waliokuwa wakichukuliwa kuwa ngano ya wazee wa Kilwa, wamepata uzito ambao tarikh haikuwapa.

Kuhusu utawala wake, tarikh inasema Ali aliitawala Kilwa kwa miaka 40 na kuieneza himaya yake hadi Mafia, ambako alimweka mwanawe. Jirani wa karibu wa Sanje ya Kati, kisiwa kilicho katika ghuba hiyohiyo, walikuja kuwa maadui wa warithi wake na kuwaondoa madarakani kwa muda. Nasaba ya Washirazi ilidumu hadi mwishoni mwa karne ya 13, ilipochukuliwa nafasi yake na ukoo wa Mahdali chini ya al-Hasan bin Talut. Ibn Battuta alipoitembelea Kilwa mwaka 1331 alimkuta mtawala wa ukoo huo, al-Hasan bin Sulaiman, na msikiti mkuu uliokuwa umeshapanuliwa kupita kiasi ambacho Ali angekitambua.

Fedha za Ali ndizo zilizodumu kuliko jengo lolote lake. Songo Mnara, mji uliojengwa jirani na Kilwa karibu miaka 300 baada ya enzi yake, una sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan katika sakafu za nyumba zake, zikiwa zimechanganyika na zile za masultani waliomfuata.